Sura ya Saba ya Kitabu cha Mgeni

Jumatatu, 4 Machi

Kimetoka. Chapa ya pili, jalada la kijani, herufi za rangi ya dhahabu. Nimekiona kwanza mikononi mwa mwalimu mwenzangu, yule wa utunzaji wa majalada, anakisoma chini ya meza kama mwanafunzi mtoro. Nikamuuliza ni nini hicho. "Kitabu cha Mgeni. Hujakisikia? Kuna binti alilala, roho ikaingia ikasema kwa kinywa chake."

Hujakisikia! Nimekisikia siku sitini na mbili, nimekaa kwenye stuli isiyo na mgongo mpaka kiuno kikafa ganzi.

Nikaenda zangu darasani kuwafundisha mwaka wa kwanza hatimkato, yale maandishi ya alama za haraka: tofauti ya alama ya "kwa" na alama ya "kwamba".

Nilipotoka kazini nikapita duka la vitabu. Sikukiona. Kumbe mwenye duka kakipanga pamoja na madaftari ya mapokezi, yale ya kuandika jina na saa ya kuingia. "Si cha wageni hiki? Cha kusaini?" Nilicheka hadi barabarani. Kicheko kilikatika nilipofungua ukurasa wa pili. Picha yake, ukurasa mzima, gauni jeupe, macho nusu kufumba. Chini yake: Aliyepokea. Halafu, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: Maneno yalinakiliwa na ndugu yake.

Ndugu! Hata "dada" wameona ni neno kubwa mno. Ndugu anaweza kuwa binamu. Anaweza kuwa mwanamume mwenye ndevu.

Basi niandike hapa kitabu hiki kilipatikanaje, maana kwingine hakutaandikwa.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika Baba, mdogo wangu alishikwa na homa. Mama alikuwa anamwita Kifaurongo tangu utotoni, kama ule mmea unaojikunja ukiugusa, kwa sababu akikaripiwa tu anajilaza chini kama amezimia. Siku ile saa nane mchana akajinyoosha kitandani, tukadhani ni yale yale. Akaanza kusema. Sauti nzito, taratibu, maneno yamepangwa: "Mimi ni mgeni, nimeingia bila kubisha." Mama akakimbilia maji. Mimi nikakimbilia penseli. Ndivyo nilivyo, mtu akisema taratibu mbele yangu mkono unaanza wenyewe. Kesho yake saa nane, tena. Na kesho yake. Madaftari kumi na moja ya hatimkato!

Nikayasoma, nikayapiga taipureta, nikakata stensili, nikatoa nakala hamsini kwenye mashine ya kurudufu ya chuo, siku mkuu wa chuo yuko safarini. Wino ulinikaa kwenye kucha wiki nzima. Mimi na Mama tukazibana kwa stepla juu ya meza ya kulia. Hizo hamsini zikapita mkono kwa mkono, watu wakazinakili, moja ikamfikia Mchapaji, naye ndiye aliyetoa chapa ya kwanza.

Kifaurongo yeye alifanya nini? Alilala.


Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kiwandani kwa Mchapaji. Nilivaa gauni la buluu. Naliandika hilo bila aibu kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Nimemkuta ameinama kwenye mashine, mikono myeusi mpaka viwikoni. "Mwalimu! Karibu, usiguse kitu." Huniita Mwalimu, siku zote. Karatasi zimerundikwa hadi dirishani, chumba kinanuka wino na mafuta ya taa, prufu, zile kurasa za majaribio, zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za watoto. Akanivutia kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake. Shati lake mwenyewe! Moyo ukanipiga. Mwanamume hana mke mwaka wa sita huu, na bado shati lake halikosi kifungo.

Halafu akauliza: "Hajambo yeye?"

Yeye. Hana haja hata ya kusema nani. Anakula? Kichwa hakimuumi? Nguvu zimerudi? Nikajibu moja moja kama muuguzi anayekabidhi zamu.

Akanionyesha kitu kipya. Kakipeperushi kadogo, kanakunjwa mara mbili, kanaingia mfukoni. Sura ya Saba peke yake. Watu wanakiomba, akasema. Wengine wanakiweka chini ya mto wa mgonjwa. "Sura nyingine zinatisha, Mwalimu. Milango ya moto, nyota zinazohesabu watu. Hii inakushika mkono. Hii ndiyo roho ya kitabu. Najiuliza, binti mdogo vile aliyatoa wapi?"

"Sijui," nikasema.

Najua.

Nimekaa na jambo hili miaka mitatu na sijawahi kuliandika hata humu. Siku ya arobaini na moja Kifaurongo alilala akanyamaza. Siku ya pili yake kimya. Siku tano! Kila siku niliandika tarehe juu ya ukurasa wa daftari la nane, nikangoja, saa nzima, penseli mkononi. Kurasa tano tupu. Na Sura ya Sita ilikuwa imeishia hivi: "Kesho nitasema juu ya waliobaki nyumbani." Kesho hakusema. Siku ya arobaini na sita akarudi, lakini kwa mambo ya milango na nyota, kana kwamba hakuahidi kitu.

Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Nilikuwa na barua ya kwenda kusoma zaidi, nikaikunja Baba alipougua. Nilingoja kusikia Mgeni ataniambia nini. Hakuniambia. Basi nilipofika pale kwenye kupiga chapa, nikaandika mwenyewe. Moja kwa moja kwenye taipureta, bila daftari, bila kufuta, kama mtu anayetapika.

Heri wewe uliyefagia chumba, mwingine akaingia akaketi. Ulimjua mgeni kabla hajafika, kwa vumbi ulilomwondolea. Wataliimba jina la aliyeketi. Lako litabaki kwenye ufagio, na ufagio nitaujua.

Yangu. Kila neno.


Jumapili, 10 Machi

Mkutano nyumbani. Watu arobaini sebuleni, wengine wamekaa ukumbini, viatu vimejaa mlangoni mpaka paka hana pa kupita. Kifaurongo kwenye kiti cha Baba. Mimi jikoni na birika.

Akasimama yule muuguzi wa wodi ya wanawake, yule mnene mwenye sauti nzuri. Hakufungua kitabu, Sura ya Saba anayo kichwani yote. Alipofika kwenye ufagio akalia, na nusu ya sebule ikalia naye. Akaenda akapiga magoti, akaushika mkono wa Kifaurongo akauweka kwenye paji la uso wake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei. Mzee mmoja akageuka akaninong'oneza. Nikainama nimsikie vizuri. Alikuwa anaomba sukari.


Alhamisi, 14 Machi

Tunaosha vyombo. Kifaurongo anauliza, ghafla tu: Sura ya Saba niliisema siku gani?

Nikamjibu ya arobaini na moja.

"Ni nzuri eti? Wanailia kila mara."

Hajawahi kukisoma kitabu, huyu. Anasema akijaribu anasikia haya, kama mtu anayesikia sauti yake kwenye kaseti. Nikamwambia ndiyo, ni nzuri. Akafuta sahani yake. Aliniamini palepale. Laiti angenibishia kidogo!


Jumanne, 19 Machi

Mchapaji amekuja nyumbani na gazeti kwapani. Mwandishi mmoja ameandika safu nzima kwamba Kitabu cha Mgeni hakikutoka kwenye usingizi wa mtu, kimetungwa mezani na mjanja mmoja mwenye elimu ya wastani. Elimu ya wastani! Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Sura karibu zote si zangu na bado nilitaka kumfuata huyo mtu ofisini kwake nimwonyeshe vyeti.

Mama akalaani. Kifaurongo akainamisha kichwa. Mchapaji lakini alikuwa anatabasamu, dawa anayo. Chapa ya tatu itakuwa na historia ya kitabu mwanzoni, tangu siku ya homa. Na kila sura itatanguliwa na picha ya ukurasa wa daftari lenyewe, hatimkato kama ilivyoandikwa siku ile, penseli na tarehe na yote.

"Mwandiko wako, Mwalimu!" akasema. "Kila sura. Watu waone mkono uliofanya kazi."

Alinitazama kama anayenipa zawadi. Na ni zawadi. Ndiyo hiyo niliyoiomba kimoyomoyo tangu siku ya kwanza, na nilipoisikia mikono ikawa baridi.

Kuna lingine. Ili wenye midomo wafunge, madaftari yote yatasomwa kwanza na mtaalamu, alinganishe na kilichochapwa. Na mtaalamu amekwishampata. Bibi Rula! Yule yule aliyenifundisha mimi hatimkato, aliyetupiga vidole kwa rula tukipinda mstari. Nilidhani amekwisha kufa. Bado yuko hai, amestaafu, macho makali kama zamani, na amekubali.

Mchapaji atayafuata madaftari Jumanne, tarehe mbili Aprili, saa kumi jioni. Nikasema vizuri. Nikasema nitayapangusa vumbi.


Jumamosi, 23 Machi

Amekuja tena, bila gazeti, bila kisingizio. Amenyoa. Alikaa ukumbini na Kifaurongo muda mrefu, nikawasikia wanacheka. Mdogo wangu ana kicheko kizuri, hilo sikatai, hata alipokuwa mtoto watu walikuwa wanamchekesha makusudi.

Halafu akanifuata jikoni. Akasimama na kofia mkononi, anaizungusha. "Mwalimu, nina neno. Nimekuja kwako kwanza kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii, Mzee hayupo."

Kwa sekunde moja — niandike ukweli — kwa sekunde moja nilidhani.

"Yeye ana mtu?" akauliza.

Nilikuwa nakata mkate. Niliendelea kuukata mpaka ukaisha wote. Nikamwambia hana, lakini afya yake ni ya kuangaliwa. Akasema hiyo si shida, yeye ni mtu wa kuangalia. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Tumekula mkate huo mpaka leo jioni na bado umebaki.


Jumapili, 24 Machi

Nimesema naumwa tumbo, sikutoka chumbani wakati wa mkutano. Tumbo linauma kweli.


Jumatano, 27 Machi

Kifaurongo amekisoma.

Nimerudi kazini nikamkuta kwenye ngazi za nyuma, kile cha kijani kimefunguka magotini. Anasema kama Mchapaji anataka kumwoa kwa ajili ya kitabu, basi ajue angalau kina nini. Alikuwa ameanza asubuhi. Nikaingia ndani, nikavua viatu, nikajifanya natafuta kitu kabatini. Nikasikia: "Dada. Njoo."

Kidole chake kilikuwa kwenye Sura ya Saba.

"Hii si yake."

"Si ya nani?"

"Ya Mgeni."

Nikamwambia hukumbuki anachosema, sasa utajuaje?

"Maneno siyakumbuki. Yeye namkumbuka." Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia, na mimi sijawahi kumuuliza. Kwamba akija ni kama mtu anaingia kwenye chumba kilichofungwa madirisha, anatembea, anapita katikati ya mwili wako kama anapita mlangoni, na hageuki. Hakuoni. "Hajawahi kuniambia heri, Dada. Sidhani kama anajua nipo. Ndiyo maana nikiamka ninalia, nyie mnadhani ni uchovu." Akashika ukurasa. "Aliyeandika hii ananijua. Na ananikasirikia."

Nikakaa chini. Ngazi ilikuwa ya moto kwa jua.

"Ni nzuri kuliko zote," akasema. "Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba unaumia."

Nilikuwa natazama mikono yake. Laini, kucha safi, haijawahi kuingia wino. Mtu ameniambia siri nzito ya maisha yake na mimi natazama kucha! Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaanza kupanga. Jumapili atasimama mbele ya watu wote, atasema Sura ya Saba ni ya dada yake. Atawaambia wanipigie makofi mimi. Macho yanang'aa, amefurahi kama anayenifungulia sherehe.

"Thubutu!" nikamwambia. Sauti ilitoka kubwa mno, Mama akachungulia dirishani.

Maana nani atalilia maneno ya mwalimu wa hatimkato? Yanapendwa kwa kuwa hayana mtu. Siku yatakapopata mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, yule wa trei, yatakwisha. Watakiangalia kitabu kizima kwa jicho la yule wa gazeti. Na kuna hili pia, nalo ni baya zaidi: hata ukweli wangu anataka kuutangaza yeye, kutoka kwenye kile kiti, halafu wamsifu kwa unyenyekevu wake.

Amekubali kunyamaza. Lakini kaweka sharti. Nimwambie Mchapaji mwenyewe kabla hajachukua madaftari. "Nisipomwambia?" "Utamwambia," akasema, akafunga kitabu, akaingia ndani kutazama nguo kama zimekauka.


Jumapili, 31 Machi

Kifaurongo hakusema kitu mkutanoni. Ahadi kaitimiza.

Muuguzi alinifuata jikoni kunioshea vikombe. Nikamuuliza, kwa nini ile sura na si nyingine? Akaeleza huku anasuuza. Mama yake alipooza miaka kumi na moja. Wadogo zake wote wameoa, wameolewa, wako mbali, wanatuma salamu. Yeye ndiye aliyebaki kumgeuza kitandani. Siku ya maziko wadogo zake walisimama mmoja mmoja wakaeleza walivyompenda mama, na yeye hakuitwa kusema, alikuwa nyuma anapanga viti. "Nilimchukia kila mtu, Dada. Mama mwenyewe nilimchukia. Nilikuwa na vidonge, kazini vipo, nilishavihesabu. Halafu mwenzangu wa zamu akanipa zile karatasi za stepla." Akakung'uta kikombe. "Nikajua kuna anayeona."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia. Nikasema, polepole: "Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua, Dada." Akanishika mkono kwa mkono wake wenye povu. "Najua ni wewe uliyenakili. Mungu aubariki mkono huu."

Basi. Nimesema na nimesikilizwa, na haijasaidia.


Jumatatu, 1 Aprili

Nimeamua. Daftari la nane, kurasa tano tupu, tarehe ziko juu kwa mkono wangu wa miaka mitatu iliyopita. Sura ya Saba kwa hatimkato ni kurasa tano kasoro kidogo. Karatasi ni ile ile, penseli ni ya aina ile ile, kabati la chuo limejaa. Nani atajua?

Nimeijaribu kwenye karatasi ya kutupa, darasani, wakati wanafunzi wanafanya zoezi. Nikailinganisha na ukurasa wa siku ya arobaini, daftari nimekuja nalo. Moyo ukaanguka. Ya daftarini imelala, inakimbia, mikia mirefu, kila alama inaivuta inayofuata. Ya leo imesimama wima kama askari wa gwaride. Nikarudia. Imesimama. Nikajilazimisha kuilaza, ikaonekana imelewa.

Nimemkumbuka Bibi Rula, anainua karatasi ya mtu dirishani, anaitazama kwa mbali: "Hii hukuisikia, binti. Hii umeitunga." Na hakukosea hata mara moja. Mkono unaosikia unakimbia, kwa sababu unaogopa kuachwa. Unaotunga unapumzika. Ninawafundisha hivyo wanafunzi wangu mwenyewe!

Inabidi mtu anisomee. Kwa mwendo ule ule, kwenye kitanda kile kile, nami kwenye ile stuli. Mama macho yake hayaoni herufi. Mwenzangu wa majalada ana mdomo kama redio. Amebaki mmoja.

Nimemwomba baada ya chakula. Alikuwa anasaga dawa ya Mama kwa kijiko. Nimemwambia kila kitu, pamoja na vidonge vya muuguzi. Nikasema nafanya kwa ajili yake na wengine kama yeye.

"Si kwa ajili yake," akasema. Hakukasirika. Alisema tu, kama anayesahihisha tahajia. Akamnywesha Mama dawa, akamfuta kidevu. Alipopita karibu yangu akasema: "Kesho saa nane."


Jumanne, 2 Aprili

Nimeomba ruhusa chuoni. Mama alikuwa amelala sebuleni. Tukafunga mlango wa chumba chake Kifaurongo. Akajinyoosha kitandani kama zamani, akajiweka mto, akafungua kile cha kijani. Nikamwambia si lazima ulale. Akasema akikaa sauti inabadilika.

Akaanza.

Nilijiandaa kwa mengi lakini si hilo. Anasoma vizuri! Alipumua mahali nilipopumua mimi nikiiandika. "Heri wewe uliyefagia chumba" — hakuipandisha kama muuguzi, hakuililia, aliitoa kavu, kama mtu anayemwambia mtu mwingine mezani. Mkono ukakimbia. Alama zikalala. Ukurasa wa kwanza, wa pili, sikutazama hata mara moja, nilijua ziko sawa. Na ndani ya kifua changu kitu kinauma: maneno ni yangu na mdomoni mwake ni mazuri zaidi. Nimemwonea wivu kwa mengi, kicheko, kiti cha Baba, mtu wa shati lile. Leo nimemwonea wivu kwa maneno yangu mwenyewe.

Ukurasa wa tatu. "Wataliimba jina la aliyeketi." Hapo akasita. Akanitazama juu ya kitabu. Akairudia, taratibu, na mimi kama mjinga nikaiandika mara mbili, kwa kuwa nimeisikia mara mbili. Nikakandamiza. Penseli ikavunjika.

Wakati huo huo, hodi. Mchapaji! Saa moja na nusu kabla ya wakati wake. Mama ameamka, anamkaribisha, anauliza habari za kiwanda. Kifaurongo akaweka kitabu kifuani. "Tuendelee?" Zimebaki kurasa mbili. Nikamwambia ngoja nikachonge. Nimekuja chumbani kwangu, kichongeo kiko hapa mezani, kimekuwa hapa muda wote huu, na badala ya kuchonga naandika humu kwa kalamu.

Daftari la nane nimeliacha kitandani. Wazi.

Namsikia Mama anakohoa. Namsikia Mchapaji anasema amekuja mapema kwa sababu Bibi Rula anamsubiri kwenye gari, kakataa kushuka, hapendi chai ya watu. Bibi Rula yuko nje! Nimechungulia. Kweli, kichwa cheupe, kimenyooka, kinatazama mbele.

Mlango wa chumba cha Kifaurongo umefunguka. Nyayo zake. Anamsalimia. Kicheko cha Mchapaji. Sasa Kifaurongo anasema, kwa chini, kwa muda. Nimesikia "dada yangu". Nimesikia "siku tano". Mengine kikohozi cha Mama kinayafunika.

Mchapaji hacheki tena.

Karatasi zinafunuliwa, nadhani kampa daftari. Anafunua polepole, mtu wa kazi yake, anajua kushika karatasi. Ukurasa. Ukurasa. Amesimama. Nadhani amefika palipokatika.

Kifaurongo analia au anacheka, kwa ukuta huu siwezi kutofautisha.

Ananiita. Yeye, Mchapaji. Hakusema Mwalimu.

"Mwandishi!" kaita. Mara moja tu, si kwa ukali, si kwa upole. Mwandishi yupi anamtaka, wa kunakili au wa kutunga? Nimeisikiliza tena kichwani mara tatu, sauti haisemi.

Kaita tena. Penseli bado sijai